Fundi wa Mlango Usioonekana

Watu wazima wa Mji wa Kale, Mombasa, wanaikumbuka klorokwini: uchungu wake ulimini, na mwasho uliowafanya wengine wajikune hadi alfajiri. Mwaka 1998 Kenya iliacha kuitegemea kama dawa ya kwanza ya malaria, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeshapata njia ya kuitema.

Njia hiyo ni protini iitwayo PfCRT, iliyojipachika kwenye utando wa kifuko ambamo kimelea humeng'enyea hemoglobini ya mgonjwa. Ina asidi amino 424. Ile ya 76 ikiacha kuwa lisini, yenye chaji chanya, ikawa threonini isiyo na chaji, klorokwini hupata upenyo. Umbo la protini hiyo lilichapishwa mwaka 2019. Lakini picha imetulia, na protini ya kusafirisha haitulii: ni kama nyumba ya milango miwili, wa ndani ukiwa wazi, wa nje umefungwa, kisha hugeuka kinyume. Kuuona mgeuko huo ndiyo kazi ya fundi anayeiga mwendo wa atomu kwa kompyuta.

Kinachonivutia zaidi ni matayarisho yake. Huizungushia protini mafuta ya utando, huimiminia maji na chumvi, kisha hukaa na swali dogo: ndani ya kifuko mna asidi, je, ni asidi amino zipi zimebeba protoni? Klorokwini yenyewe humo hubeba chaji mbili. Akikosea protoni moja, kompyuta haitamgombeza. Itamchorea sinema nzuri ya uongo.

Ndipo huanza kuhesabu. Kila hatua ni femtosekunde 2, na kila hatua kani za atomu zote, maji yakiwemo, hupigiwa hesabu upya. Kuifikia sehemu moja ya milioni ya sekunde huhitaji hatua milioni 500. Mara nyingi protini hugeuka polepole kuliko hapo, hivyo fundi huisukuma kidogo; kujua kiasi cha kusukuma bila kuiharibu ndio umahiri wenyewe.

Sinema ikimpendeza, haiamini. Huanza tena kwa mwendo mwingine wa atomu, kisha huirudisha lisini mahali pake aone kama mlango utagoma kuipisha dawa. Huko Kilifi, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, watafiti walikwisha kuona vimelea vyenye lisini vikiongezeka tena baada ya klorokwini kuachwa. Shahidi ni damu ya wagonjwa. Modeli isiyokubaliana nayo, hata ikipendeza vipi, fundi hodari huivunja kwa mkono wake.