Fundi Anayeanzia Safu ya Mwisho

Ukitaka kumjua fundi mitandao aliyeiva, mpe karatasi ya sifa za ruta umtazame anapoanzia kusoma. Wengi hukimbilia maandishi makubwa ya juu: gigabiti kadhaa, milango kadhaa, bei ya ofa. Yeye hushuka hadi jedwali la majaribio. Kampuni ya MikroTik ya Latvia, kwa mfano, huonyesha matokeo kwa paketi za baiti 1518, 512 na 64. Kidole chake hakisimami kwenye safu mbili za kwanza. Huenda kwenye 64, kisha hutafuta mstari wa ruta iliyobebeshwa kanuni 25 za kuchuja.

Ana sababu. Gigabiti moja kwa sekunde ikija kwa paketi kubwa ni paketi 81,000 hivi; ikija kwa paketi ndogo kabisa ni karibu milioni moja na nusu. Ruta huamua njia ya kila paketi, iwe nene au nyembamba. Kupakia gunia la korosho si sawa na kupakia korosho hizo hizo moja moja. Kwa mtoa huduma anayekua, kila paketi hupitia pia kanuni, foleni za vifurushi, na NAT inayowagawia wateja wengi anwani moja ya umma. Namba kubwa ya juu ilipimwa bila mizigo hiyo.

Kisha hutazama kumbukumbu. Tarehe 12 Agosti 2014, orodha ya njia za intaneti duniani ilivuka 512,000, na ruta nyingi za zamani, ambazo nafasi yake iliishia hapo, zikayumba. Leo orodha hiyo ina njia milioni moja hivi. Fundi asiye makini angekimbilia ruta ya mamilioni ya shilingi. Aliyeiva huuliza kwanza: tunanunua intaneti kwa wauzaji wangapi? Ikiwa ni mmoja, njia moja ya jumla inatosha, na fedha inayobaki inunue betri. Wakiwa wawili, kama wengi walivyotamani baada ya nyaya za baharini kukatika tarehe 12 Mei 2024, bado si lazima kubeba orodha nzima. Huchukua njia za ndani ya nchi, nyingine akaziachia njia ya jumla.

Ninachokistahi zaidi hakimo kwenye karatasi yoyote. Huku kusini mwa Tanzania, Lulindi, Masasi na Newala, kiangazi kinapoanza wakulima hupuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga. Unga ule husafiri na upepo, na salfa hula shaba na fedha, metali zilizojaa ndani ya vifaa vya umeme. Ruta yenye feni huuvuta ndani mchana kutwa. Kwa hiyo, kwa mnara uliozungukwa na mikorosho, fundi huchagua isiyo na feni, mfano RB5009, ambayo bodi yake hupoa kwa chuma cha ganda na hupokea umeme wa volti 24 hadi 57. Benki ya betri za volti 48 huilisha moja kwa moja, bila inveta katikati inayoweza kuharibika.

Mwisho hununua mbili. Ya pili hukaa kabatini ikiwa na mipangilio ile ile, tayari kuchomekwa. Tangu msimu wa 2024/25 korosho huuzwa kwa mnada wa kielektroniki wa TMX, soko la bidhaa la Tanzania, na AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) iliyokatikiwa mtandao siku ya mnada haiwezi kungoja spea ije kwa basi kutoka Dar es Salaam.

Wenye kampuni changa za intaneti kusini, mlipeni fundi kwa siku anazokaa akisoma, kabla hamjamtuma dukani. Ruta hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Uamuzi mbaya hulipiwa na wateja kila jioni.