Wema wa Mtumishi na Barua Isiyofika: Kuisoma Pamela Tukiwa Bwaise

Katika makala haya tunaijadili Pamela, riwaya ya barua iliyoandikwa na Samuel Richardson na kuchapishwa London mwaka 1740. Huenda msomaji akauliza kwa nini wanaofundisha Kiswahili jijini Kampala wajishughulishe na kitabu cha Kiingereza cha karne ya 18. Jibu letu liko bondeni, kaskazini mwa kilima cha Makerere. Bwaise, kama ilivyo katika mitaa mingine ya jiji hili, wapo wasichana walioletwa kutoka vijijini ili wafue, wapike na kulea watoto wa watu. Swali la riwaya hii, yaani mtumishi afanye nini mwajiri anapomtaka, kwao si swali la mtihani.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Pamela Andrews, msichana maskini wa miaka 15, anafiwa na bibi aliyekuwa akimtumikia. Mwana wa marehemu, Bwana B., anaanza kumwandama. Binti anakataa na kuwaandikia wazazi wake yote yanayompata. Mwishowe anapelekwa kwa hila kwenye nyumba ya mbali na kufungiwa humo. Hata huko anaendelea kuandika, na karatasi zake anazishonea ndani ya nguo. Bwana anapozipata na kuzisoma, moyo wake unalainika, naye anamwoa. Kwa mujibu wa jina dogo la kitabu, wema umepata tuzo.

Tangu mwanzo wapo walioikejeli tuzo hiyo. Mwaka 1741 Henry Fielding alitoa Shamela, ambamo binti huyo ni mjanja aliyejifanya mwema ili aolewe na tajiri. Kejeli hiyo inachekesha, lakini tunaona kwamba imemwegemea bwana. Hata leo, msichana wa kazi anapolalamika, neno la kwanza la majirani huwa ni hilohilo: alimtega mwenyewe.

Maoni yetu ni kwamba kinachopimwa katika riwaya hii ni neno la mtumishi zaidi ya mwili wake. Barua nyingi za Pamela zinapita mikononi mwa John, mtumishi mwenzake, ambaye kwa siri humwonyesha bwana kabla ya kuzipeleka. Kwa hiyo mtuhumiwa ndiye msomaji wa kwanza wa mashtaka. Ndiye pia hakimu, kwani wema wa binti unathibitika pale tu yeye anapousoma na kuridhika. Wazazi waliamini tangu awali, lakini imani yao haikuwa na uwezo wa kumtoa kifungoni. Hapa ndipo fani na maudhui vinapokutana: barua inampa mtumishi sauti, na wakati huohuo inamkabidhi bwana sauti hiyo.

Sasa tuirudishe Bwaise. Msichana anayelala chini katika chumba kimoja na watoto wa mwajiri hana mlango wa kufunga, wala mahali pa kuficha karatasi. Akitaka kuongea na mama yake, mara nyingi huazima simu ya mwenye nyumba. Ujumbe wake, kama ule wa Pamela, hupitia mikononi mwa wenye nguvu. Sheria nayo ina mapengo yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 aweke utaratibu wa kuzuia bughudha za kingono. Nyumba yenye yaya mmoja haimo katika sharti hilo. Hata hivyo, sheria ya jinai ya Uganda haimwoni binti wa miaka 15 kuwa mtu wa kupimwa wema. Kwayo ni mtoto, na tangu marekebisho ya 2007 kosa la kumnajisi huwa zito zaidi mtendaji akiwa na mamlaka juu yake. Kwa kipimo hicho, Bwana B. hastahili harusi.

Je, fasihi ya Kiswahili inasemaje? Katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi (1978), Kijakazi anamtumikia bwana wake kwa uaminifu, lakini habari zake tunazipata kwa msimulizi, kalamu hana. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), barua ya Charles inaangukia mikononi mwa baba, na Rosa anapigwa. Rosa si mtumishi wa mtu, lakini somo ni moja: barua ya binti husomwa kwanza na mwenye mamlaka juu yake. Bado tunahitaji riwaya ya Kiswahili ambamo mfanyakazi wa nyumbani anajiandikia mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza.

Jambo hili linatuhusu sisi walimu moja kwa moja. Pamela ilizaliwa wakati Richardson akitunga kitabu cha mifano ya barua, kazi isiyo mbali na masomo yetu ya utungaji. Katika kitabu hicho baba anamwandikia binti aliye kazini, ambaye bwana wake anamtaka, arudi nyumbani upesi. Binti anajibu kwamba ameshaondoka. Ushauri ni mzuri kwa aliye na nauli na nyumba ya kurudia.

Tunapendekeza basi kwamba, pamoja na barua ya kuomba kazi na barua ya kirafiki, wanafunzi wetu wafundishwe kuandika barua ya malalamiko kwa niaba ya mtu asiyeweza kuiandika: nani kamtendea nini, lini, wapi, na nani alishuhudia. Wajifunze pia kuiandika kwa Kiswahili anachokielewa mwenyewe akisomewa, ili aweze kusahihisha kabla haijatumwa. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya kwanza ya msichana huyu ni kusomwa na mtu mwingine asiyekuwa bwana wake.