Lebo ya Grafu Humtambulisha Fundi wa R

Ukitaka kujua kama fanksheni ya lugha ya R imeandikwa na fundi, anzia kwenye lebo ya grafu yake. Aliyeandika plot(log(mapato)) anatarajia mhimili wa wima usomeke log(mapato). Akikuta x, au msururu wa tarakimu unaofunika ukurasa mzima, kuna mtu alilipua kazi.

Siri iko katika uvivu wa R, tabia iliyorithiwa kutoka lugha ya S ya Bell Labs. Hoja inayoingia kwenye fanksheni haikokotolewi papo hapo. Inasubiri huku usemi wake ukiwa umeambatana nayo. Kazi ya substitute ni kuuchomoa usemi huo, kisha deparse huugeuza kuwa herufi. Kwa hiyo mkaguzi hutazama kwanza ni wapi substitute imeitwa. Nataka niikute mistari ya mwanzo kabisa, kabla x haijaguswa. Mwandishi akishaandika x <- x[!is.na(x)], usemi umepotea na kilichobaki ni thamani tupu, yaani zile tarakimu. Na ikiwa substitute imefichwa katika fanksheni ya ndani inayopokea x kutoka ya nje, jibu litakuwa "x", jambo ambalo halimsaidii mtu yeyote.

Kazi nzuri hunasa lebo mlangoni na kuipitisha ndani kama hoja ya kawaida, ili mtumiaji pia aweze kuweka yake. Wengi huandika lebo = deparse1(substitute(x)) kwenye orodha ya hoja. Ni nadhifu, lakini hoja hiyo nayo ni mvivu kama wenzake: x ikibadilishwa kabla lebo haijatumika, tumerudi palepale. Nikiona force(lebo) mstari wa kwanza, najua niko mikononi mwa mjuzi.

Jaribio la pili ni kuipa fanksheni usemi mrefu. Hapa ndipo kazi nyingi huanguka. Kwa kawaida deparse huanza kutafuta pa kukata mstari ikikaribia baiti 60, kisha hurudisha vekta yenye vipande kadhaa. Vipande hivyo vikipelekwa kwenye kichwa cha grafu, vinapangwa mistari mistari hadi kuingilia mchoro. Vikiwekwa ndani ya if, tangu R 4.2.0 programu inasimama na kutoa kosa. Anayeongeza [1] ili kosa liondoke ameficha ugonjwa tu: sentensi imekatwa katikati na hakuna anayejua. Tangu R 4.0.0 ya mwaka 2020 ipo deparse1, inayounganisha vipande vyote kuwa kimoja. Anayehudumia matoleo ya zamani atumie paste yenye collapse. Ukikuta as.character badala yake, funga faili. Ukiipa quote(a + b) inarudisha "+", "a" na "b", vitu vitatu visivyo na mpangilio wa kusomeka.

Kagua pia do.call. Anayeandika do.call("lm", list(y ~ x, data = d)) ataona jedwali lake zima likimwagwa chini ya neno Call, kwa sababu alipitisha data yenyewe; quote(d) ingetosha.

Kuna matini ya macho na matini ya mashine, na hapo ndipo naweka ukali wangu wote. Thamani ya 0.1 + 0.2 ikipita kwenye deparse hutoka "0.3", maana tarakimu muhimu zinazoandikwa ni 15. Kwenye lebo hiyo ni neema. Kwenye faili litakalosomwa tena ni sumu, kwani 0.3 inayorudi si namba ileile; hapo control = "exact" ni lazima.

Usimlaumu fundi kwa yasiyo yake. Nukuu moja hugeuka nukuu mbili, maelezo ya pembeni ya msimbo hutoweka, na x |> f() hutokea kama f(x), kwa kuwa kisomaji cha R kilikwisha kuibadilisha kabla deparse haijaiona. Mabano, kwa upande mwingine, hulindwa vizuri: usemi uliojengwa kwa call("*", quote(a + b), quote(c)) hutoka (a + b) * c, bila mtu kuyaomba. Ukikuta mwandishi anayabandika mwenyewe kwa paste0, jua hajawahi kujaribu kuyaacha.