Mkono Usiofanya Kitu

Shika shilingi kwa ncha za vidole vya mkono wa kulia, uso wake uwaelekee watazamaji. Mkono wa kushoto unakuja kuichukua: dole gumba linapita nyuma yake, vidole vinne vinapita mbele, vinafumba. Mkono huo unaondoka zake ukiwa ngumi. Shilingi haimo. Ilidondoka yenyewe, kwa uzito wake, pale vidole vilipoificha, ikatua kwenye vidole vya mkono wa kulia, ambao sasa umeteremka ubavuni kama mkono wa mtu asiye na habari.

Siri ni hiyo tu, na mtoto wa darasa la tatu unaweza kumfundisha kabla chai haijapoa. Mwambie sasa aifanye mbele ya wenzake. Watamkamata hapo hapo. Mkono wa kulia utakakamaa, kwa kuwa una kitu cha kuficha. Macho yatauchungulia. Ngumi ya kushoto nayo itakazwa mno, maana mtu anayejifanya ameshika kitu hushika kwa nguvu kuliko aliyekishika kweli. Ndiyo maana wakufunzi wa kiinimacho humwanzisha mwanafunzi na jambo linaloonekana la kipuuzi: kuichukua shilingi kwelikweli, mbele ya kioo, tena na tena, mpaka ajue mkono wake hukaaje usipodanganya. Wengi wetu hatujui. Tumechukua vitu maisha yetu yote bila kujitazama. Mwanafunzi akishaujua ukweli wa mkono wake, ndipo anapoanza kazi ya kuufananisha uongo nao, na kazi hiyo haina mwisho.

Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya karne ya kwanza, aliutaja mchezo wa vikombe na vijiwe katika barua moja kwa rafiki yake Lucilius. Alisema kinachomfurahisha ni kule kudanganywa. Akishaonyeshwa namna jambo linavyofanyika, hamu inamwisha. Watu wengi bado wako upande wake. Mimi siko huko. Naona Seneca aliondoka ukumbini mapema, kwa kuwa siri ni sehemu ndogo kabisa ya kiinimacho, na anayeijua ndiye mwenye nafasi ya kuona fundi anafanya nini.

Chukua mchezo huo huo wa vikombe. Ni vikombe vitatu na vipira vitatu. Kipira kinawekwa chini ya kikombe hiki, kinatoweka, kinaonekana chini ya kile. Vyote vitatu vinakutana chini ya kikombe kimoja. Mtazamaji anahesabu vitatu. Viko vinne. Hicho cha nne, kilicholala kiganjani au chini ya kikombe ambacho hakuna anayekishuku, kinampa fundi hatua moja mbele muda wote: unapodhani ndiyo kwanza anaanza, yeye alishamaliza zamani na sasa anakusubiri ufike.

Habari hii si siri tangu mwaka 1584. Mwaka huo Mwingereza Reginald Scot alichapisha kitabu kinene, The Discoverie of Witchcraft, na ndani yake akaeleza vipira, sarafu, karata, na namna mtu anavyoonekana amekatwa kichwa naye yu mzima. Hakuwa akiwaharibia watu riziki. Wakati huo vikongwe walikuwa wakishtakiwa kwa uchawi na kunyongwa, naye alitaka mahakimu waone jinsi mikono iliyozoezwa inavyoweza kutenda mambo ambayo mtu angeapa ni ya shetani. Anamtaja Mfaransa mmoja aliyeishi London, Cautares, kuwa mwenye mkono mzuri kuliko wote, na anatuambia kwamba mtu huyu hakuishi kwa michezo hiyo, bali alijipatia riziki yake kwa jasho la kazi nyingine. Mimi neno hilo la jasho ningelitoa pia kwa kiinimacho chake.

Kwetu jasho hilo halihesabiwi. Mwanamazingaombwe akija shuleni, wanafunzi wakatoa kiingilio chao, akakunjua karatasi tupu na kutoa noti, utasikia nje ya ukumbi: yule ana jini. Wanaosema hivyo hudhani wanamsifu. Kumbe wanamnyang'anya. Kama jini ndiye aliyefanya, basi yeye alifanya nini ile miaka yote mbele ya kioo?

Miaka zaidi ya mia nne baada ya Scot, vikombe havijachakaa. Meli zilizotoka Ulaya kuja Mombasa na Dar es Salaam kwa njia ya Mfereji wa Suez zilitia nanga Port Said, na huko Wamisri wenye kanzu na vikombe walipanda sitahani. Abiria waliwaita gali-gali, kwa neno walilokuwa wakiimba wakicheza. Wao hawakuishia kwenye vipira. Chini ya vikombe, na mifukoni mwa abiria, walitoa vifaranga hai vya kuku. Fikiria ugumu wake. Kipira hukaa unapokiweka, lakini kifaranga kina mguu, kina sauti, na kina mawazo yake.

Kisha wakaja Wamarekani wawili, Penn na Teller, wakaucheza mchezo ule kwa vikombe vya plastiki vinavyopenya macho. Kila kitu kiko wazi. Unakiona kipira kikipakiwa. Na bado, wakishika kasi yao, unapotea njiani; jicho linaona, akili haifiki. Hapo hoja ya Seneca inapata shida kidogo, kwa sababu siri imeanikwa na watu wanashangilia zaidi.

Tony Slydini alilijua hilo kabla yao. Alizaliwa Italia mwaka 1900, akakulia Argentina, akafanya kazi New York. Mchezo wake uliovuma ulihitaji kiti kimoja na vipande vya karatasi laini. Anamkalisha mtazamaji mmoja mbele ya ukumbi, anaketi karibu yake, anafinyanga karatasi kuwa donge, anaonekana kuliweka mkononi, anafungua mkono: halipo. Kilichotokea ukumbi mzima umekiona. Amelirusha juu ya kichwa cha yule bwana, likaangukia nyuma. Anarudia, na donge kila mara linazidi ukubwa. Mwenye kiti anatoa macho, watu wanavunjika mbavu, naye hajui wanacheka nini. Ukumbi umeonyeshwa kila kitu, na kile unachokistaajabia ni uzito wa mwili wa Slydini: anapoinama mbele, yule bwana anainama, anapolegea, naye analegea, na katika ule ulegevu ndipo donge linaporuka.

Watu husema mkono una kasi kuliko jicho. Si kweli. Jicho linaushinda mkono kwa mbali. Kinachoshindwa ni kule kutarajia kwetu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Uingereza, Gustav Kuhn na Michael Land, walitangaza jaribio walilolifanya kwa mchezo wa zamani: mtu anarusha mpira juu, anaudaka, anaurusha tena, anaudaka, mara ya tatu mkono unapanda bila kuuachia mpira, lakini kichwa na macho yake vinapanda kuufuata. Karibu theluthi mbili ya watazamaji walisema waliuona mpira ukiondoka mkononi na kupotelea juu. Mchezaji alipobaki akiutazama mkono wake, idadi ilishuka hadi kama theluthi moja. Macho ya watazamaji yalipopimwa, hayakuwa yamekwenda kule juu walikodai kuuona mpira. Yalikuwa yamepitia usoni pa mchezaji kuuliza: tutazame wapi?

Rudi sasa kwenye shilingi yetu. Aliyejifunza vizuri haangalii mkono wake wa kulia, wala hautazami wa kushoto kwa kujilazimisha. Anaamini shilingi imo kushoto. Bega linageuka kidogo kuufuata mkono huo. Kisha anatulia, na kutulia huko kuna hesabu yake. Akiufungua mkono haraka, mtazamaji anarudisha fikra hatua moja tu nyuma na kumkamata. Akichelewa mno, wamemchoka. Arturo de Ascanio, mwanasheria wa Kihispania aliyefariki mwaka 1997 na ambaye aliiwazia sanaa hii kwa ukali wa mtu wa mahakamani, aliupa muda ule jina: mabano ya usahaulifu. Kati ya tendo la siri na kuonekana kwa muujiza weka jambo jingine, swali, utani, kalamu ya kuchukua mfukoni, ili mtazamaji akirudi nyuma kutafuta chanzo akute mlango umeshafungwa. Akaongeza kwamba tendo la siri lisiwe tendo kabisa. Liwe linapita njiani, ndani ya tendo kubwa lenye sababu yake: mkono uende mfukoni kuchukua kalamu, na shilingi ibaki huko.

Karata zina dunia yake, na sehemu ya dunia hiyo haina heshima. Pita karibu na vituo vya mabasi vya miji yetu, utakutana na karata tatu zilizolazwa juu ya boksi, na vijana wawili watatu wanaojifanya wateja na kushinda kila wakitaka. Mchezaji ameshika karata mbili kwa mkono mmoja, moja juu ya nyingine. Unaona ile ya chini na kuamini ndiyo inayorushwa kwanza. Imerushwa ya juu. Mkono ni uleule, usafi ni uleule. Mimi nachukizwa na kazi ile, na bado siwezi kuacha kuuangalia ule mrusho. Kitabu kinachoheshimiwa kuliko vingine katika ufundi wa karata, The Expert at the Card Table, kilitoka Chicago mwaka 1902 chini ya jina S. W. Erdnase, nacho kimeandikwa kwa ajili ya meza ya kamari. Erdnase alikuwa nani hasa, ubishi unaendelea mpaka leo.

Aliyekihifadhi kitabu hicho kichwani tangu ujana wake ni Dai Vernon, mzaliwa wa Ottawa, Kanada, mwaka 1894. Mwaka 1922, kule Chicago, alimfanyia Harry Houdini, mfanya kiinimacho mashuhuri wa wakati ule, mchezo mmoja. Houdini alijigamba kwamba akiuona mchezo mara tatu ataujua. Vernon akampa karata aitie saini, akaichomeka chini kidogo ya ile ya juu, kisha akaigeuza ya juu: ndiyo yenye saini. Akarudia. Akarudia tena, zaidi ya mara tatu, na Houdini hakuambulia kitu.

Lakini kisa cha Vernon ninachokipenda zaidi ni cha mwaka 1932. Tapeli wa karata ana adui mmoja, nayo ni desturi ya kukata karata. Amepanga karata nzuri chini ya pakiti, mpinzani anakata, karata zinahamia katikati na mpango umekufa. Ingekuwaje kama mtu angeweza kugawa kutoka katikati? Mafundi wote walijua haiwezekani. Vernon akasikia, kutoka kwa mfungwa wa jela ya Wichita, Kansas, kwamba yuko mtu anayeweza. Huo ulikuwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na Vernon mwenyewe alikuwa akijikimu kwa kukata picha za watu za kivuli kwa mkasi. Akaanza kumsaka mtu huyo, akiulizia mji kwa mji, mpaka akampata Pleasant Hill, mji mdogo wa jimbo la Missouri: Allen Kennedy, mcheza kamari ambaye hakuwa na jina popote. Kennedy akagawa. Karata ikatoka katikati ya pakiti bila tofauti yoyote na inayotoka juu. Mtu alitumia sehemu ya uhai wake kuutengeneza mwendo ambao, ukifanywa sawasawa, hakuna atakayejua umefanywa, na mwingine akavuka nchi ili tu auone usivyoonekana.

Karata moja ina unene wa karibu theluthi moja ya milimita. Katika upana huo ndipo wanapoishi watu hawa: kuinua mbili kama moja, kuishika moja kwa nyama ya kidole wakati jirani yake inatoka. Kupaka rangi ukuta mzima kwa brashi ya wanja kungekuwa kazi ya haraka zaidi.

Nami bado sijamfikia René Lavand. Alizaliwa Buenos Aires mwaka 1928. Akiwa na miaka 9 gari lilimgonga, akapoteza mkono wa kulia, nao ndio aliokuwa akiutumia. Vitabu vyote vya karata vimeandikwa kwa watu wa mikono miwili, kwa hiyo hakukuwa na wa kumfundisha. Alikuwa karani wa benki katika mji wa Tandil, na usiku alijibunia namna yake ya kuchanga, kukata na kugawa kwa mkono wa kushoto pekee, mwingine ukikaa mfukoni. Baadaye alizunguka dunia na mkono huo mmoja. Alifariki Tandil mwaka 2015.

Filamu zake zipo, na mojawapo ni ya chembe tatu za mkate na kikombe. Anatupa chembe moja, anatia mbili kikombeni, anamimina: tatu. Anarudia taratibu. Kisha taratibu zaidi, kwa sauti nzito ya mzee anayesimulia, akisema haiwezekani kufanywa polepole kuliko hivyo, halafu anakumbuka kwamba labda inawezekana. Visingizio vyote vya mtazamaji vimeondolewa: hakuna kasi, hakuna mkoba, hakuna mkono wa pili. Nashauri uitazame mara ya kwanza kama Seneca, udanganywe ufurahi. Mara ya pili, ukishajua kwamba lazima ipo chembe nyingine, usihangaike kuitafuta. Tazama dole gumba linavyolegea kila baada ya chembe kuachiliwa, na upime ni muda gani linakaa hivyo kabla ya kuanza kazi tena.