Hesabu ya Malazi katika Safari ya Pikipiki ya Ladakh

Atakaye kufika Leh, mji wa Ladakh, kwa pikipiki, huko kaskazini ya Uhindi, ana njia mbili kuu, moja ipandayo kutoka Srinagar na nyingine itokayo Manali, na kwa kuwa masafa yake hayapishani sana, aghalabu huvutwa na ile ya Manali kwa umashuhuri wake. Walakini mpango ninaouchambua hapa, ambao waendeshaji wenye hadhari huufuata, hupandia Srinagar na kushukia Manali, nao umejengwa juu ya hesabu ya mahali atakapolala mtu kila usiku. Na kwa rai yangu hesabu hiyo ndiyo istahiliyo kutangulia zote.

Srinagar iko kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Kargil 2,700 na Leh 3,500, na ijapokuwa katikati yake hupitwa Zoji La na Fotu La, ambayo ya pili hufikia mita 4,108, msafiri huvipita vipito hivyo mchana kisha akateremka kulala, na mwili ukapata wasaa wa kuizoea hewa nyepesi. Atokaye Manali, kwa upande wake, hulala Keylong penye mita 3,100 hivi, na usiku wa pili hujikuta Sarchu, karibu mita 4,300, ilhali matabibu hunasihi kwamba mtu akishapita mita 3,000 asipandishe malazi yake zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Na Sarchu ina dhiki nyingine, ambayo kwangu ni nzito kuliko zote: imezungukwa na vipito virefu kuliko yenyewe, Baralacha La nyuma, Nakee La na Lachulung La mbele, hata yule aliyeshikwa usiku na maumivu ya kichwa, kutapika na kukosa pumzi, ambaye dawa yake ya hakika ni kuteremka, hawezi kuteremka pasipo kupanda kwanza.

Aliyekwisha kupumzika Leh siku mbili tatu huiendea njia hiyo ya Manali akiwa na mwili uliozoea, naye huvuka Tanglang La, mita 5,328, mwinuko unaokipita kilele cha Lenana cha Mlima Kenya, kisha akalala Sarchu bila ya hofu kubwa.

Katika njia hiyo ya Manali ndiko iliko pia hesabu ya petroli. Kituo cha petroli cha Tandi, karibu na Keylong, kimekuwa na bango lionyalo kwamba kituo kifuatacho kiko kilomita 365 mbele, na atokaye Leh hukabiliwa na upweke huo huo kinyumenyume. Pikipiki yenye tangi la lita 15 yahitaji kwenda zaidi ya kilomita 24 kwa kila lita, jambo jepesi tambarare lakini gumu kwa gia ndogo zenye mzigo mlimani. Dumu la lita 5 huishusha haja hiyo hadi kilomita 18 na kitu. Injini yenye kabureta, kwa kuwa huendelea kumimina petroli kwa kiasi cha pwani katika hewa ambayo kanieneo yake imepungua karibu nusu, hutoa moshi mweusi na kuzitia plagi masizi, basi plagi za akiba si anasa.

Vijito navyo vina saa zake: theluji huyeyuka kwa jua, maji yakafurika alasiri, na kwa hiyo aliyelala Sarchu huondoka alfajiri ili avipite vile vya Baralacha La yakingali machache.

Tangu mwaka 2020 handaki la Atal, lenye urefu wa kilomita 9 hivi, limemwepushia msafiri kipito cha Rohtang, na hivyo Manali na Keylong zimekaribiana mno. Wepesi huo umeuzidisha ubora wa mpango huu, kwani humfikisha mtu juu kabla mwili wake haujajua. Aliyefungiwa njia ya Srinagar na alale usiku mbili Keylong au Jispa, kisha aianze safari ya Leh kabla ya mapambazuko, apate kuivuka Sarchu mchana.