Bundi Hana Habari Nawe

Bundi wa insha zetu hana kazi nyingine duniani ila kutangaza msiba. Aya ya kwanza analia juu ya paa, aya ya tatu simu inaita, aya ya nne wanawake wanaangua kilio. Kama ulisoma shule ya msingi kabla ya mtihani wa mwisho wa KCPE mwaka 2023, unamjua huyu ndege kuliko unavyomjua jirani yako. Mwalimu alikufundisha kumtumia ili msomaji ajue mapema kwamba kuna jambo linakuja, nawe ukamtumia, ukapewa alama. Ukipanda juu, kwenye hadithi fupi na michezo ya redio, unamkuta bado yuko kazini, mshahara uleule.

Sina ugomvi na ishara. Fasihi bila ishara ni risiti ya duka. Ugomvi wangu ni na ishara ambayo mwandishi hajawahi kuiangalia usoni. Bundi wa insha hana macho, hana njaa, hana kiota. Ana sauti tu, na hiyo sauti siku zote inamhusu binadamu. Hebu fikiria: kiumbe kizima kimeumbwa, kimepewa masikio mawili yasiyolingana urefu ili kisikie panya akitembea gizani, halafu sisi tunaamini kimetoka huko kote kuja kutuambia habari za mjomba.

Hoja yangu ni kwamba uvivu huu wa kalamu una gharama, na gharama yenyewe hailipwi na mwandishi. Kipimo ninachokitumia ni kidogo: hadithi ya mtu anayemwokota ndege wa mwituni aliyeumia, anamtunza, kisha anamwachilia. Ni hadithi nyepesi ukiitazama kwa mbali. Ukijaribu kuiandika kwa Kiswahili, unagundua kwamba mikondo tuliyorithi haiitoshi.

Mkondo wa kwanza ndio huo wa mkosi. Ndani yake ndege aliyeumia haokotwi kamwe. Anapigwa mawe.

Mkondo wa pili ni wa fadhila, nao ni mzee kuliko sote. Mtu anamwokoa mnyama, mnyama anarudi siku ya shida kulipa deni. Ngano za kwetu zimejaa deni hili. Shaaban Robert alilijenga vizuri sana katika Adili na Nduguze, kitabu cha 1952. Adili anakiokoa kiumbe kinachofukuzwa na adui, kumbe ni Huria, binti wa majini. Baadaye nduguze wanapomtupa Adili baharini, Huria anakuja kumwokoa, na hao ndugu wanageuzwa manyani. Kama kitabu cha maadili, kimesimama. Adili hakujua anamwokoa nani, na hapo ndipo wema wake unapopata uzito. Lakini ukiitazama mashine yenyewe ya hadithi, utaona kwamba kiumbe aliyeokolewa haruhusiwi kuwa kiumbe tu. Lazima awe binti wa mtu mkubwa. Wema umewekwa benki, na riba inakuja sura za mbele. Msomaji anajifunza kutenda wema, sawa, ila anajifunza pia kusubiri.

Mkondo wa tatu tumeuazima. Mwaka 1968 Mwingereza Barry Hines alitoa riwaya ya A Kestrel for a Knave, na mwaka uliofuata Ken Loach akaitoa kwenye filamu, Kes. Billy Casper, mtoto wa mji wa machimbo ya makaa ya mawe, anamchukua kinda wa kozi na kumfundisha kuruka na kurudi mkononi. Hines alimwangalia ndege wake. Unajua anakula nini, anashikwa vipi, na kwamba hampendi Billy. Billy mwenyewe anajua hapendwi, na hilo halimsumbui, linamfurahisha. Hapo Hines anawashinda wengi. Lakini kozi anaishia kuuawa na Jud, kaka yake Billy, kwa hasira ya pesa za kubeti ambazo Billy hakuziweka. Ndege anakufa ili tuone jinsi maisha ya Billy yalivyobanwa. Kitabu ni kikubwa, filamu ni kubwa, ila hata humo ndege hapati mwisho wake mwenyewe. Mwisho wake ni wa mvulana.

Basi mkosi, fadhila, mkasa. Mikondo mitatu, na katika yote mitatu hakuna ndege anayeondoka tu.

Tuje nyumbani. Kisii na Nyamira si mahali unapopatarajia kwa hadithi za mwituni. Hatuna mbuga hata moja. Sensa ya 2019 ilihesabu Kisii watu zaidi ya milioni 1.2, na msongamano wa zaidi ya watu 900 kwa kilomita moja ya mraba. Shamba limegawanywa kwa wana, likagawanywa tena kwa wajukuu, mpaka migomba ya huyu inamwagia kivuli majani chai ya yule. Mtu wa kwetu akitaka ndege anayekaa kimya, Tabaka wanamchonga kwa jiwe la sabuni, wanamfunga kwa gazeti, anaenda Ulaya. Lakini ndege hai wapo. Bundi hasa, kwa sababu palipo na mahindi darini pana panya, na palipo na panya atakuja tu.

Miaka miwili iliyopita kijana wa boda alimkuta bundi kando ya barabara, si mbali na Keroka, pale Kisii na Nyamira zinapopakana. Bila shaka aligongwa na gari. Alikuwa bundi wa uso mweupe wenye umbo la moyo. Jicho moja lilikuwa limevimba, bawa linaning'inia kidogo, lakini mfupa haukuvunjika. Kijana hakutaka kuingia naye kwao, akamshusha kwenye lango la nyanya yangu, magokoro kama tunavyomwita, kwa sababu ndiyo taa pekee iliyokuwa inawaka. Kabla ya dakika kumi watoto walishafika na mawe, na nyuma yao watu wazima waliojifanya wamekuja kuwaita watoto.

Magokoro alimfunika yule ndege kwa leso, akamtia kwenye katoni ya mafuta ya kupikia, akafunga mlango. Nilidhani ni huruma. Nilipomuuliza alinijibu kwa Ekegusii, bila kupandisha sauti, "Akifia hapa kwangu usiku huu, kesho watasema ni wangu."

Ni vizuri kueleza kwa nini mama wa miaka themanini na kitu, mjane, anayeishi peke yake, aseme hivyo. Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati uliowashuku uchawi. Hawakuwa wa kwanza. Kwa mwanamke mzee katika milima yetu, kusomwa vibaya ni jambo la kufa na kupona. Na kusoma ndilo neno lenyewe: umati unaangalia macho mekundu ya moshi wa jikoni, unaangalia upweke, unaangalia bundi kwenye paa, unaunganisha, unatoa maana. Ni uhakiki, tena wa kihuni. Tofauti ya umati na mwalimu aliyetufundisha insha ni kwamba mwalimu aliishia kwenye alama.

Sisemi kwamba insha imeua mtu. Imani hizo zilikuwako kabla ya darasa la kwanza kujengwa Kisii. Nasema kwamba fasihi ilikuwa na nafasi ya kutufundisha kusoma polepole, kuuliza huyu ndege anafanya nini hapa, na badala yake ikachukua jibu la umati na kulipiga msasa.

Jibu lenyewe linapatikana. Bundi analia kwa sababu anaita mwenzake, au analinda eneo lake, au watoto wake wana njaa. Anakuja kwenye nyumba ya mgonjwa kwa sababu nyumba ya mgonjwa ina taa usiku kucha, taa inavuta wadudu, na wadudu ni chakula. Msiba ungekuja hata bila yeye. Na wakati sisi tunamtafsiri, jamaa zake wanaisha: utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliolinganisha miaka ya 1970 na miaka ya karibuni, ulionyesha kwamba kati ya aina 22 za ndege wawindaji wa mchana nchini Kenya, aina 19 zimepungua. Bundi wa usiku hawakuhesabiwa humo, ila sumu ya panya inayouzwa sokoni haiulizi ni mchana au ni usiku. Panya akila, bundi akimla panya, wote wawili wamekula.

Siku tano alizokaa kwa magokoro hazikuwa na mchezo wa kuigiza hata kidogo, na ndiyo maana nazitaja katika makala ya uhakiki. Mtu anayewajua ndege alituelekeza kwa simu. Awekwe gizani, pakavu, pasipo kelele. Asinyweshwe maji kwa nguvu, yataingia kwenye mapafu. Asipewe mkate wala maziwa wala ugali. Asishikwe-shikwe, maana kwake mkono wa binadamu ni kucha za adui hata ukiwa umejaa upendo. Na tutoe taarifa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kwa kuwa sheria ya 2013 haimruhusu mtu kufuga mnyama wa mwituni bila kibali. Tulitoa. Kwenye duka moja la dawa za mifugo niliulizwa kama ni kuku wa kienyeji au wa gredi.

Jirani alileta omena. Bundi aliitazama ile omena, akafumba macho. Ndipo magokoro akatangaza bei: panya mmoja, shilingi kumi. Watoto walewale wa mawe wakageuka wawindaji. Kila jioni walijipanga mlangoni wakiwa wameshika panya mikia, na kila mmoja alitaka kuona wake ukimezwa mzima mzima. Asubuhi walikuta vidonge vya manyoya na mifupa alivyotapika, wakavipasua kwa vijiti, wakabishana ni panya wa nani. Hakuna aliyewahubiria. Walikuwa wamepewa kitu cha kuangalia.

Jioni ya sita jicho lilikuwa limefunguka, na usiku uliopita alikuwa akiruka kutoka ukuta hadi ukuta wa stoo. Tulilibeba lile katoni mpaka nyuma ya majani chai, tukalifungua, tukarudi nyuma. Alikaa ukingoni kwa muda mrefu kiasi kwamba mtoto mmoja aliuliza kama amesahau. Kisha akaenda kuelekea kwenye mikaratusi, bila mlio wowote, maana mabawa ya bundi hayapigi kelele. Hakugeuka. Magokoro alisema, "Haya," akaenda kukamua ng'ombe.

Ukiniuliza hapo hadithi iko wapi, nitakuambia ndiyo hiyo. Najua mwalimu angeikatalia: haina kilele, haina funzo, ndege hakulipa. Tuna methali inayosema tenda wema uende zako. Siku zote tumeisoma kwa upande wa mtenda, kwamba yeye ndiye anayeondoka, akiwa na heshima zake. Katika kumwachilia ndege ni kinyume. Wewe unabaki palepale na katoni tupu, na anayeenda zake ni yule mwingine. Hadithi yoyote ya kuachilia lazima imvumilie huyo mwingine aondoke na maana yake, asituachie hata unyoya wa kuwekea kitabu alama.

Wala si lazima iishe vizuri. Mwanzoni mwa 2022, kaunti ya Siaya, si mbali na kwetu, alipatikana ndege mla samaki akiwa hoi, mguuni ana pete ya Finland. Magazeti yalihesabu kilomita, karibu 7,000, na kwa siku chache nchi nzima ilimjua. KWS walimchukua, akapelekwa kutibiwa, akafa. Habari ikafa naye, kwa sababu ilikuwa imejengwa juu ya kilomita, na maiti haiongezi kilomita. Lakini wale waliomwokota walifanya kazi ileile ya magokoro. Waliona kiumbe kinachoumwa, wakakiondoa kwenye hatari. Mwandishi mzuri angebaki na mikono yao.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandika sasa hivi, hasa wanaoandikia watoto, ni dogo. Ukimleta bundi kwenye ukurasa, mpe panya. Tuambie amekaa kwenye mti gani na kwa nini mti huo. Akilia, muulize mhusika wako amesikia nini kabla hujamwambia kinamaanisha nini. Na kama kuna bibi mzee kwenye nyumba hiyo, mwache aendelee na kazi yake, taa ikiwaka.