Jibini kwa ndizi mchare: Kilimanjaro ina kila kinachohitajika!

Jibini ya kuchoma juu ya mkaa, ndizi mchare pembeni, limao limekamuliwa juu yake na pilipili kidogo! Nimeonja, nikaongeza, nikaongeza tena, na siwezi kungoja kuwaambia: kitafunwa hiki kinastahili kuwapo kila kona ya Moshi yenye jiko la nyama choma.

Wengi wetu jibini tumeizoea kwenye piza, au vile vipande vya pembetatu vya karatasi ya kung'aa. Safari hii nimeweka mezani aina tatu, gauda, mozarela na halumi, zote za maziwa ya ng'ombe, nikazila na vyakula vya mlimani kwetu. Biskuti na zabibu za hotelini sikuzihitaji hata kidogo. Mtori, kiburu cha ndizi na maharage, parachichi, kahawa: vyote vinaitaka jibini!

Na kwa nini visiitake? Huku ni kwenye maziwa. Kwenye vihamba, yale mashamba ya nyumbani, vya Machame, Kibosho na Marangu ng'ombe anafugwa bandani, analetewa majani na migomba iliyokatwakatwa, na samadi yake inarudi shambani kulisha kahawa na ndizi. Maziwa, kwa desturi ya Uchagani, ni shughuli ya mama. Mwaka 1988 akina mama wa Nronga, huko Machame wilayani Hai, walianzisha ushirika wao wa maziwa. Heko kwao! Ushirika wa namna hiyo ndio unaofungua njia ya jibini, kwa sababu lita mbili tatu za kila nyumba hazifiki mbali, lakini zikikusanywa pamoja zinatosha kusindikwa. Kilo 1 ya jibini ngumu inakula lita 10 hivi za maziwa. Ukitajiwa bei ukashtuka, piga hesabu hiyo kwanza.

Gauda. Anza na hii. Asili yake ni Uholanzi, na jina ni la mji wa Gouda, lakini imeshapata wenyeji Afrika: Masisi, mashariki mwa Kongo, wafugaji wanatengeneza jibini ya jamii hii na inapendwa sana Goma. Ikiwa changa ni laini, rangi ya siagi, na utamu wa maziwa unatangulia chumvi. Ikikaa miezi inakauka, kisu kinapopita ukingo unamomonyoka, na ladha inakuwa nzito ya karanga zilizokaangwa. Itafune na kahawa ya arabika ya mlimani, nyeusi, bila sukari. Uchungu wa kahawa unasafisha mafuta mdomoni, na kipande kinachofuata unakionja kama ndiyo kwanza unaanza. Lakini subiri mtori! Chukua bakuli likiwa bado linafuka, kwaruza gauda juu yake, koroga mara moja. Jibini inayeyuka ndani ya ndizi, mchuzi unakuwa mzito, nyama inapata mwenzake. Punguza tu chumvi unapopika, maana jibini inakuja na yake.

Neno moja muhimu: itoe kwenye friji nusu saa kabla ya kula. Ikiwa ya baridi mafuta yake yameganda na harufu imelala. Ikipata joto la chumba, unagundua ladha ambazo hukujua zimo.

Mozarela. Hii ni nyepesi, nyeupe, na haijifanyi kitu kingine zaidi ya maziwa mazuri. Maziwa yakishagandishwa na kukatwa, bonge lake linatiwa kwenye maji ya moto na kuvutwa, kukunjwa, kuvutwa tena. Ndiyo maana ikiyeyuka inatoa zile nyuzi ndefu. Haipendi kukaa, kwa hiyo ukiinunua mbichi, ile mapema. Ipange na vipande vya parachichi lililoiva vizuri, nyanya, chumvi na limao. Au itie ndani ya chapati ikiwa bado kwenye kikaango, kunja, geuza, ngoja inate. Watoto hawataki kusikia habari ya kitu kingine!

Halumi. Hapa ndipo nilipopoteza utulivu! Jibini hii, ambayo kwao ni Kupro, ikishagandishwa inapikwa tena ndani ya maji yake yenyewe, na kwa sababu hiyo haiyeyuki motoni. Mnaelewa maana yake? Unaweza kuichoma kama nyama! Kata vipande vya unene wa kidole, weka kwenye wavu juu ya mkaa usiokuwa na moto wa kuruka. Dakika mbili tu, chini panakuwa na ngozi ya kahawia, geuza. Nje inakwaruza, ndani ni laini, na ukitafuna inalia kwenye meno. Chumvi yake ni kali, na hapo ndipo mchare iliyochomwa na maganda yake inapoingia: wanga wa ndizi unaituliza chumvi, limao linakata mafuta. Kiburu nacho, na maharage yake, kinaibeba vizuri ajabu.

Kama halumi haipatikani dukani kwako, usikate tamaa. Kuna panir, ambayo Wahindi wa Moshi na wa pwani wanaipika majumbani mwao. Pasha lita 2 za maziwa mpaka yakaribie kuchemka, tia maji ya limao kidogo kidogo huku ukikoroga polepole, na mara utaona mabonge meupe yanajitenga na maji ya kijani hafifu. Chuja kwa kitambaa safi, funga, weka kitu kizito juu kwa saa moja hivi. Nayo haiyeyuki! Itie chumvi, kaanga, sogeza ndizi.

Hukumu yangu: gauda kwa asubuhi na kahawa, mozarela kwa chapati ya watoto, halumi kwa jioni yoyote yenye mkaa. Kama mfuko unaruhusu moja tu, chukua halumi. Na wenye majiko ya nyama choma, kuanzia Soko la Mbuyuni mpaka Machame juu, nawaomba kwa moyo wote: acheni nafasi kidogo kwenye wavu. Maziwa yapo, ndizi zipo, mkaa unawaka. Wateja mtatupata!